Sholay: Nani aliazima kwa nani?

Haya ni mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani.



Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa, nikashuhudia ugomvi uliokaribia kuvunja urafiki wa watu wa mtaa mmoja. Haukuwa ugomvi wa siasa, wala wa mpira. Ulikuwa ugomvi wa sinema. Na sinema yenyewe si ya jana wala ya juzi. Ni Sholay, picha ya Kihindi iliyotoka mwaka 1975.

Mzee mmoja pale mtaani, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, alikuwa akisimulia kwa mara ya mia jinsi alivyoitazama picha hiyo kwa mara ya kwanza, katika kanda ya video ya kuazima, kanda iliyokwisha kupita mikono mingi hata picha ikawa inacheza cheza. Alikuwa amesimama. Mikono ameificha nyuma ya mgongo, chini ya kanzu, akiigiza yule Thakur asiye na mikono. Sote tulikuwa tunacheka, tunafurahi. Ndipo kijana mmoja, mwenye simu yake mkononi, akasema: "Babu, samahani, lakini picha hiyo ni ya wizi. Wahindi wameiga kwa Wamarekani, na Wamarekani nao waliiga kwa Wajapani. Hata muziki ni wa kuiga. Yote yameandikwa humu." Akaanza kuhesabu kwa vidole, hiki kimetoka wapi, na kile kimetoka wapi.

Mzee akaitoa mikono yake, akakaa. Hakujibu neno. Akamaliza kahawa, akalipa, akaenda zake. Kashata yake akaiacha pale pale kwenye kisahani.

Waliobaki wakanigeukia. "Wewe mtu wa redio, amua wewe. Ni wizi au si wizi?" Nikawaambia shauri kama hilo haliamuliwi kwa kikombe kimoja cha kahawa. Nitaamua redioni. Basi ndugu msikilizaji, hukumu yenyewe ndiyo hii.

Kwa wale ambao hawakuiona, nieleze kwa kifupi. Kuna afisa wa polisi mstaafu, Thakur Baldev Singh, aliyechezwa na Sanjeev Kumar. Jambazi aitwaye Gabbar Singh, aliyechezwa na Amjad Khan, amewaua watu wa nyumba yake na kumkata mikono yote miwili. Thakur anawakodi wezi wawili aliowahi kuwakamata, Veeru na Jai, yaani Dharmendra na Amitabh Bachchan, waende kijijini kwake wamkamate jambazi huyo akiwa hai. Mambo mengine yote, mapenzi, vichekesho, nyimbo na vilio, yamening'inia kwenye kigingi hicho kimoja. Picha iliongozwa na Ramesh Sippy, baba yake G. P. Sippy akatoa fedha, na hadithi ikaandikwa na watu wawili waliokuwa wakiandika pamoja, Salim Khan na Javed Akhtar.

Sasa tuanze na madai ya kijana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kijana hakusema uongo.

Mwaka 1954 Mjapani Akira Kurosawa alitoa sinema iitwayo Seven Samurai. Wakulima maskini wanaandamwa na majambazi wanaokuja kupora mavuno. Wanaamua kukodi mashujaa saba wasio na bwana wa kuwalisha. Malipo yao ni wali tu, nao wakulima wenyewe wanakula nafaka duni ili wali uwatoshe wageni. Kijiji kinachoonewa, wapiganaji wa kukodi wanaokuja kama wageni na kufa kama ndugu: mfupa huo wa hadithi unauona wazi ndani ya Sholay. Katikati yake ipo The Magnificent Seven, ambayo Mmarekani John Sturges aliitoa mwaka 1960. Aliwavua samurai panga akawapa bastola na farasi, akawapeleka kulinda kijiji cha Mexico.

Halafu yupo Mtaliano Sergio Leone. Mwaka 1968 alitoa Once Upon a Time in the West. Humo mna familia inayoandaa meza nje ya nyumba kwa ajili ya karamu. Wadudu porini wananyamaza ghafla. Risasi zinalia, mmoja baada ya mwingine wanaanguka, na mwisho anatoka mtoto mdogo mbio, anajikuta uso kwa uso na muuaji. Muuaji anainua bastola. Tunasikia mlio, na papo hapo mlio huo unageuka kuwa sauti ya gari moshi. Nawe uliyeitazama Sholay, kumbuka siku watu wa Thakur walipouawa. Kumbuka mtoto wa mwisho. Kumbuka kwamba baada ya risasi ile tunaliona gari moshi, na Thakur anashuka na zawadi za watoto. Mtu akikuambia kuwa kufanana huko ni kwa bahati tu, mwambie akatafute watoto wa kudanganya.

Tena si nchi za mbali peke yake. Mwaka 1971, India kwenyewe, Raj Khosla alitoa Mera Gaon Mera Desh. Stelingi ni Dharmendra yule yule, naye anacheza mwizi anayepelekwa kijijini. Jambazi wa picha hiyo anaitwa Jabbar Singh. Sikiliza vizuri, Jabbar, kisha Gabbar. Na mzee anayempokea Dharmendra kijijini ni askari mstaafu mwenye mkono mmoja. Aliyemcheza mzee huyo ni Jayant. Na Jayant ni nani? Ni baba mzazi wa Amjad Khan. Baba alicheza mtu aliyepoteza mkono. Miaka minne baadaye mtoto akacheza jambazi anayekata mikono miwili.

Ongeza urafiki wa wezi wawili wachekeshaji, ambao wengi wanaufananisha na ule wa Butch Cassidy and the Sundance Kid, picha ya Kimarekani ya mwaka 1969. Ongeza mkuu wa gereza, aliyechezwa na Asrani, mwenye masharubu na vishindo vya Adolf Hitler. Asrani alipewa picha za Hitler azitazame, ajifunze jinsi ya kusimama na kurusha mikono. Lakini Charlie Chaplin alikwisha kumcheka Hitler kwa namna hiyo katika The Great Dictator, mwaka 1940. Na ule wimbo Mehbooba Mehbooba, ambao Helen anaucheza kambini kwa majambazi, sauti yake R. D. Burman aliitoa kwenye wimbo wa Demis Roussos, mwimbaji wa Kigiriki aliyezaliwa Misri.

Basi orodha ya kijana imetimia, na mimi nimemwongezea. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Je, Sholay ilisimama uchi?

Ngoja kwanza. Kabla hatujamhukumu aliyeazima, tuwaulize na wale walioazimwa. Wao nguo walizitoa wapi?

Kurosawa, Mjapani yule, alimpenda sana John Ford, Mmarekani aliyetengeneza picha za kauboi, na wala hakuificha habari hiyo. Kwa hiyo Wamarekani walipoichukua Seven Samurai na kuifanya ya kauboi, walikuwa wakirudishiwa nguo yao iliyofumwa upya Japani. Leone naye, ile sehemu ya familia inayouawa, alijifunza kwa John Ford huyo huyo, katika The Searchers ya mwaka 1956. Ni kama bao linalozunguka: kete unayodhani ni yako imetoka shimo la mwenzako, naye aliipata kwako.

Lakini katika mzunguko huo si wote waliotenda sawa, na hapo ndipo shauri letu lilipo. Kwa picha ya Sturges haki zilinunuliwa, na mwanzoni mwake ikaandikwa kwamba imetokana na sinema ya Kijapani. Huyo alibisha hodi. Leone, mwaka 1964, aliichukua Yojimbo ya Kurosawa ya mwaka 1961, akatengeneza A Fistful of Dollars bila kuuliza mtu. Wajapani wakadai, na mwisho wakalipwa asilimia 15 ya mapato ya picha ile duniani. Huyo aliingia dirishani, akashikwa. Na Salim na Javed? Hawakuichukua picha moja nzima. Walichukua kipande hapa na kipande pale, kama fundi anayeshona kwa vitambaa vilivyobaki. Hawakubisha hodi, wala hakuna aliyewashitaki.

Sasa swali langu kwa kijana ni hili. Kama Sholay ni vitambaa vya watu tu, kwa nini watu hawakupenda vitambaa vyenyewe? Mera Gaon Mera Desh ilikuwapo na ilifanya vizuri. Khote Sikkay ilitoka mwaka 1974, nayo ina kijiji na majambazi na wahuni wanaogeuka watetezi. Mbona hakuna mzee anayesimama kwenye benchi la kahawa, nusu karne baadaye, akaziigiza hizo? Sholay ilionyeshwa katika jumba la Minerva mjini Bombay kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo. Watu hawarudi miaka mitano kutazama mshono wa mtu mwingine.

Jibu langu ni kwamba nguo iliazimwa, lakini mwili ulikuwa wa nyumbani.

Tumchukue Gabbar mwenyewe. Kijana alisema ametoka kwa Leone. La hasha. Gabbar Singh alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa jambazi wa bonde la Chambal, huko Madhya Pradesh, katika miaka ya hamsini. Aliogopwa kwa sababu ya ukatili wake wa kukata watu pua. Polisi wa jimbo hilo, mkuu wao akiwa K. F. Rustamji, walimuua mwezi Novemba 1959. Baba yake Salim Khan alikuwa afisa wa polisi katika nchi hizo, mjini Indore, na Salim alikua akizisikia habari za majambazi nyumbani, kama watoto wengine wanavyosikia habari za zimwi. Kwa hiyo mama wa kwenye sinema anapomtisha mtoto kwa jina la Gabbar, mwandishi hakuwa anamnakili Mtaliano. Alikuwa anakumbuka.

Nao Veeru na Jai? Salim alichukua majina ya rafiki zake wawili waliosoma naye chuoni. Thakur Baldev Singh? Ni jina la mkwewe Salim. Na yule muuza mbao mwenye maneno mengi, Soorma Bhopali, aliyechezwa na Jagdeep? Inasimuliwa kwamba ametokana na mtu wa kweli wa mji wa Bhopal, alikosoma Javed.

Halafu kuna ile sehemu ambayo hata asiyejua neno la Kihindi huicheka. Jai anakwenda kuwa mshenga wa rafiki yake kwa dada wa mama wa msichana, na kila sifa anayotoa ni shimo jipya la kumzika bwana harusi. Anasema kijana ni mwema, ila anacheza kamari. Anacheza kamari kwa sababu ya ulevi. Na ulevi nao una sababu yake. Inasimuliwa kwamba Javed alipotaka kumwoa Honey Irani, mwigizaji waliyekutana naye katika picha ya Seeta Aur Geeta, ni Salim aliyetumwa kwa mama wa msichana. Ushenga wake ulikuwa wa aina hiyo hiyo. Hakuna Mjapani wala Mmarekani aliyeandika sehemu hiyo. Kila mmoja wetu anamjua mshenga kama huyo, na wengine tumeponzwa naye.

Twende kwa Amjad Khan. Hakuwa mtu wa kwanza kufikiriwa. Nafasi ya Gabbar ilikuwa ya Danny Denzongpa, lakini Danny alikuwa amefungwa na picha nyingine, Dharmatma, iliyokuwa ikipigwa Afghanistan. Amjad alipoipata kazi alitafuta kitabu kiitwacho Abhishapta Chambal, maana yake Chambal iliyolaaniwa, kinachoeleza maisha ya majambazi wa bonde lile. Mwandishi wake alikuwa mwana habari, Taroon Kumar Bhaduri. Na binti yake Bhaduri, Jaya, ndiye aliyecheza Radha, mkwe wa Thakur aliyefiwa na mumewe. Ona basi: jambazi anajifunza ujambazi kwenye kitabu cha baba wa mjane. Na ile sauti ya Gabbar, ya kuvuta maneno na kuita watu kwa dharau, Amjad aliikumbuka kwa dobi mmoja wa utotoni mwake, aliyekuwa akimwita mkewe namna hiyo. Mavazi yake, yale magwanda ya kijeshi, yalinunuliwa Chor Bazaar mjini Bombay, na tafsiri ya jina hilo ni soko la wezi. Kwa hiyo, kijana wangu, kama kuna kitu cha wizi katika Sholay, pengine ni suruali ya Gabbar.

Nimetaja dobi. Neno hilo hatukulizaa sisi, tulilipata kwa Wahindi. Na gari, na chapati, na laki, na bima. Je, mtu anapokwea gari kwenda kununua chapati, tunamwita mwizi wa lugha? Hatumwiti, kwa sababu maneno yale tumeyalipia. Tumeyafanyia kazi, tumeyapa ngeli, yamezaa maneno mengine hapa kwetu.

Sasa nitoe ushahidi wangu mkubwa, halafu nifunge. Ni chombo kidogo tu, kinanda cha mdomo, kile kinachopulizwa.

Katika picha ya Leone yupo mtu asiye na jina, anayechezwa na Charles Bronson, ambaye kila anapotokea anapuliza kinanda cha mdomo. Kwake chombo hicho ni kisasi. Mwishoni tunajua kwamba muuaji alimtia kinanda kile mdomoni alipokuwa mtoto, siku kaka yake alipouawa. Kikilia, ujue mtu atakufa.

Katika Sholay, Jai naye anapuliza kinanda cha mdomo. Kimeazimwa, hilo nakubali bila kubisha. Lakini tazama amekifanyia nini. Ni jioni, katika nyumba ya Thakur. Jai ameketi kibarazani kwenye chumba cha wageni, anapuliza taratibu. Ng'ambo ya ua, ghorofani, Radha, mjane kijana mwenye sari nyeupe, anazima taa moja moja. Hawaongei. Hawagusani. Mila inamkataza mjane kutamani kitu chochote tena, na Jai ni mwizi wa kukodiwa, hana la kumpa. Anazima taa ya mwisho, anaingia ndani. Mpiga picha Dwarka Divecha alitaka mwanga wa machweo peke yake, ule unaodumu dakika chache, na sehemu hiyo fupi ikachukua siku nyingi sana kupigwa, kwa sababu kila jioni mwanga ulikwisha kabla ya kazi.

Chombo kile kile. Kwa Mtaliano kilisema "nitakuua." Kwa Wahindi kilisema "laiti ingewezekana." Na mwishoni Jai anakufa, Radha anafunga dirisha, na hakuna taa iliyowashwa tena. Aliyeazima kinanda cha kisasi akakirudisha kikiwa kinanda cha huzuni ya mjane, huyo hakuiba. Huyo ameongeza.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, siwaachii waandishi wale waende bila deni. Mwaka 1973, ilipotoka picha yao Zanjeer, Salim na Javed waliona mabango yamebandikwa mji mzima wa Bombay bila majina yao. Siku zile mwandishi wa sinema alikuwa kama mpishi wa harusi: wote wanakula, hakuna anayemuuliza jina. Basi wakamkodi mpaka rangi azunguke usiku na kuyaandika majina yao juu ya mabango. Mpaka rangi yule aliandika popote penye nafasi, hata kwenye nyuso za waigizaji. Nawapongeza kwa hilo. Walidai haki yao na wakaipata, na tangu hapo waandishi wa India wakaanza kuheshimiwa. Lakini watu waliojua uchungu wa kutotajwa, miaka miwili baadaye walitoa Sholay, na mwanzoni mwa picha hiyo hutamwona Kurosawa akitajwa, wala Leone, wala Raj Khosla. Rangi haikuwa imekwisha dukani. Mistari miwili tu ingetosha.

Hilo ndilo kosa, na hilo ndilo peke yake. Kuazima si aibu. Kuazima na kunyamaza ndiko kunakompa kijana wa benchi la kahawa nafasi ya kuja miaka hamsini baadaye akasema "mwizi." Asiyemtaja mkunga wake humpa jirani la kusema.

Na sisi huku tusijione watakatifu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, bingwa wa taarabu, alizichukua sauti nyingi za nyimbo za sinema za Kihindi, akatia ndani yake mashairi ya Kiswahili yaliyowaliza watu wa pwani nzima. Lakini nani katika pwani hii aliyewahi kudanganyika kwamba sauti zile zimezaliwa Mombasa? Kila mtu alijua, na wengine walikwenda kwenye sinema kuusikiliza wimbo, wapate kujua Bhalo atautia maneno gani. Kuazima kwa wazi namna hiyo hakumwibii mtu.

Mtauliza, basi hakuna wizi wowote katika habari hii ya Sholay? Upo mmoja, na kijana hakuutaja.

Salim na Javed waliandika, na Ramesh Sippy akapiga picha, mwisho ambao Thakur, asiye na mikono, anamuua Gabbar kwa miguu yake, kwa viatu vyenye misumari. Ndiyo maana kulikuwa na sehemu inayoonyesha viatu vile vikitengenezwa. Lakini tarehe 25 Juni 1975 serikali ya India ilitangaza hali ya hatari, na picha ilikuwa itoke tarehe 15 Agosti. Wakaguzi wa sinema wakasema haiwezekani afisa wa polisi, hata akiwa mstaafu, achukue sheria mkononi mwake, au miguuni mwake. Ikabidi mwisho mwingine upigwe haraka haraka. Polisi wanafika dakika ya mwisho, wanamwomba Thakur amwachie jambazi, na sheria inashinda. Huo ndio mwisho ambao karibu ulimwengu mzima uliujua. Mzee wetu fundi cherehani, pamoja na mapenzi yake yote, kama alitazama picha hiyo jumbani, alitazama mwisho uliobadilishwa kwa amri.

Mimi sisemi kisasi ni kizuri. Nasema hivi: Kurosawa hakunyang'anywa hata fremu moja na Sholay, sinema yake ipo pale pale, nzima. Lakini wakaguzi walichukua kitu, na kilipochukuliwa hakikuwapo tena. Huo ndio wizi, na aliyeibiwa alikuwa mtazamaji. Ilipotimu miaka hamsini, mwezi Juni 2025, Sholay iliyosafishwa upya ilionyeshwa katika tamasha la sinema la Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wake wa kwanza. Ilirudishiwa miguu yake katika nchi ya Leone, jamani. Deni lina njia zake za kurudi nyumbani. Mwaka huo huo, Oktoba, Asrani alifariki dunia, na Novemba akafuata Dharmendra. Sanjeev Kumar alikwisha kututoka mwaka 1985, na Amjad Khan mwaka 1992.

Hukumu yangu basi ni hii. Kijana ana haki ya kuhesabu, na asiache kuhesabu, kwani anayejua mto umetoka wapi hunywa maji kwa heshima zaidi. Lakini asidhani kwamba akishajua chanzo amekwisha kujua mto. Japani ilitoa kijiji, Marekani ikatoa farasi, Italia ikatoa kinanda cha mdomo, Ugiriki ikatoa wimbo. Na Chambal ikatoa hofu, Indore ikatoa baba wa polisi, Bhopal ikatoa mcheshi, dobi akatoa sauti, na mjane wa India akatoa taa zake. Vitu vya kwanza kila mtu angeweza kuviazima, na wengi waliviazima. Vya pili havikuwa na wa kuviazimisha.

Jana jioni nilipita kwa yule mzee. Nikamkuta kibarazani, nikamwamkia, nikamweleza haya yote, kuanzia kwa Mjapani mpaka kwa dobi. Akasikiliza, akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Kwa hiyo kanda yangu ilikuwa ya kuazima, na picha ndani yake ya kuazima?" Nikamwambia, "Ndiyo, mzee wangu." Akaniuliza: "Na machozi niliyolia siku ile Jai alipokufa, nayo niliyaazima kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaingiza mikono yake chini ya kanzu, akaificha nyuma ya mgongo, akasimama.